CG bado iko kwa stendi na macho yashaenda kwa nyingine

Jumapili, 1 Machi

Naanza kuandika leo juu nimegundua nikiacha kazi wiki mbili nasahau kila boliti ilitoka wapi. Pikipiki ni Honda CG125 ya zamani, ile ya volti 6 na platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche). Niliuziwa 18,000 na jamaa wa boda, yeye aliitoa kwa banda la mjomba wake huko Murang'a ilikokuwa imelaliwa na kuku miaka sijui mingapi. Logbuku iko, mjomba yuko hai, na amekubali tukimaliza tuhamishe jina kwa eCitizen bila shida.

Iko stoo ya chini ya ngazi hapa kwetu Umoja. Mwenye ploti ananitoza 1,500 kwa mwezi na hiyo stoo inaingia pikipiki moja na mtu mmoja aliyekalia kiti cha plastiki, basi. Hii ya nafasi nimeiandika makusudi.

Watu wananiuliza kwa nini CG. Honda waliitoa 1976 wakifikiria nchi kama yetu, mahali pikipiki inabeba magunia na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Walikuwa na CB125 ambayo kamshafti yake, ile shafti ya kufungua valvu, iko juu kwa kichwa cha silinda, na ukiiendesha na oili iliyochoka huko juu ndo kunaumia kwanza. Kwa CG wakaishusha kamshafti chini karibu na krenki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni), inazungushwa na gia moja kwa moja, hakuna cheni ya ndani ya kulegea, na halafu hiyo kamshafti ina nundu moja tu inayosukuma pushirodi zote mbili, zile fimbo za kufungua valvu, ya kuingiza na ya kutoa. Nundu moja! Mara ya kwanza niliona nikaitafuta ya pili kwa tochi. Wachina waliiiga hiyo injini na kuiiga tena, ndo maana kabla Boxer hazijajaa Nairobi nduthi nyingi ulizopanda zilikuwa za ukoo huu. Kwa hivyo hii yangu ni kama kupata babu yao.

Jumamosi, 7 Machi

Nimefungua upande wa klachi. Skrubu zimetoka na ile bisibisi ya kugongwa na nyundo, isipokuwa mbili ambazo nimezitoboa.

Mwisho wa krenki kuna kikombe cha chuma, hiyo ndo filta ya oili ya CG. Haina karatasi. Inazunguka na krenki na uchafu unarushwa pembeni unashika ukuta vile ukoko wa ugali unashika sufuria. Nilikwangua na bisibisi ndogo nikajaza kifuniko cha chupa ya maji mara mbili, uji mweusi mzito kama gundi ya fundi viatu, ukiusugua kati ya vidole unaona chembe zinang'aa, hiyo ni alumini na alumini ya karibu ni pistoni. Hapo nilijua silinda haitakuwa na habari njema.

Nati inayoshika hicho kikombe haikubali spana ya kawaida, ina mifereji minne kwa uso wake. Nimezunguka Grogan (kwa ramani ni Kirinyaga Road ila jaribu kumwambia fundi hivyo uone) duka tatu, wote wananiambia nirudi wiki ijayo. Nikachukua kipande cha paipu ya maji nikapima, nikakata meno manne na msumeno wa chuma nikiwa nimekaa kwa ngazi, jirani wa kuchomelea mageti akanishikishia mkono wa chuma juu. Masaa matatu. Jaribio la kwanza jino moja likakunjika. Nikalinyoosha nikalipasha moto, nikagonga polepole, nati ikalia tik moja ikaachia, na mimi nikakaa chini kabisa juu ya sakafu, mikono inatetemeka.

Usiku badala ya kulala nilikuwa kwa simu naangalia Yamaha RD350 inauzwa Pangani. Silinda mbili, toleo la kwanza ni 1973, haina valvu za kichwani wala tapeti wala filta ya kuzunguka, mwenyewe anasema "inahitaji tu usafi kidogo". Nilihesabu pesa nikiwa kitandani.

Jumamosi, 14 Machi

Silinda imetoka. Ukipitisha ukucha ndani kutoka juu unakwama kwa kingo, pale ringi ya juu hugeukia, maana yake ukuta wa chini umelika na ule wa juu haujaguswa. Saizi ya kiwanda ni milimita 56.5. Hii imepita hapo na imekuwa yai kidogo. Itabidi ichongwe.

Hapa nataka kusema kitu kwa yeyote anayefikiria kufanya hii kazi: usipeleke silinda kwa fundi kabla hujashika pistoni mkononi. Fundi anachonga kufuata pistoni, pistoni haifuati silinda. Rafiki yangu mmoja alichongewa kwanza halafu akatafuta pistoni miezi minne. Mimi nimenunua ovasaizi ya 0.50, yaani 57 kamili, na pini ya milimita 15, ya zile za ukoo wa Kichina, nimeipima kila upande na imenyooka.

Usiku: Vespa, Ngara. Ya mzee mmoja Mhindi ambaye amekaa nayo tangu akiwa kijana. Nilituma hadi meseji kuuliza kama iko bado.

Jumanne, 24 Machi

Silinda iko kwa fundi Industrial Area na hajaanza. Ananiambia mashine imeharibika mkanda. Sina la kufanya hapa stoo ila kupiga msasa rimu, na rimu zenyewe ziko sawa.

Kwa hivyo nimekuwa nikiota tu. Miaka niliyoenda kuangalia Concours, yale maonyesho ya magari na pikipiki, pale Ngong Racecourse nilikuwa naacha magari nyuma naenda moja kwa moja kwa pikipiki. Kuna Triumph Bonneville moja ambayo nilisimama nayo hadi mwenyewe akaniuliza kama nimepotea. Tenki lake lilikuwa limepakwa rangi mbili na pale rangi zinapokutana kulikuwa na mstari wa dhahabu uliovutwa na mkono, ukikaribia kabisa unaona mahali brashi ilipumzika na ikaendelea. Modeli hiyo ilianza 1959 na jina lake ni la uwanda wa chumvi huko Utah ambako watu huenda kuvunja rekodi za mwendo. Siwezi kuinunua Bonneville, najua. Lakini nimekuja kuona moyo haujui hesabu ya benki, unaona tu mstari wa dhahabu.

Halafu kuna Yamaha XT500. Silinda moja kubwa, na 1979 Cyril Neveu aliipeleka kutoka Paris hadi Dakar akashika nafasi ya kwanza kwa zile mbio zilipofanywa mara ya kwanza kabisa. Moja iko kwa misheni upande wa Ongata Rongai, imefunikwa turubai, padre anasema ilikuwa ya padre aliyemtangulia. Nimepiga simu mbili.

Mama watoto ameniona na simu usiku akaniuliza kwa upole tu, "Baba, ile ya chini imeshawaka?" Nikamwambia bado. Akasema sawa, akageuka akalala.

Jumamosi, 28 Machi

Silinda bado.

Na leo nimeona tangazo ambalo si kama zile zingine. Yamaha AG100, Kikuyu, 65,000.

Nieleze. Marehemu baba alikuwa afisa wa kilimo upande wa Matungulu na Kangundo, kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakulima wa kahawa kuangalia buni, kufundisha kupogoa, kupiga dawa. Ofisi ilimpa pikipiki ya namba za GK, za serikali. Jioni alikuwa akipitia shuleni ananibeba mbele juu ya tenki, mikono yangu ameniambia niishike kati ya usukani na nisiguse breki. Tenki lilikuwa na joto la jua la mchana mzima. Nyuma yetu moshi wa bluu na ile harufu ya oili ya tuu-stroku (injini inayochoma oili pamoja na petroli) ambayo hadi leo nikiisikia barabarani nageuza kichwa. Siku alipostaafu pikipiki ilirudi ofisini na sisi hatukuiona tena.

Kwa hivyo nikiona AG100 simu inanianguka mkononi. Hii si ya kujionyesha. Ni nyumbani kabisa.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimeenda Kikuyu. Zamu yangu ya chama imefika juzi, 80,000, na hiyo pesa nilikuwa nimeipangia beringi za krenki, tairi mbili, cheni na kupakwa rangi.

Mwenye AG ni mzee mpole, alishinda mnada wa serikali akainunua kwa bei ndogo akawa anabebea nyasi za ng'ombe. Iko na kila kitu. Keria ya mbele juu ya taa, keria ya nyuma pana ya kubeba mtoto wa ng'ombe, stendi za pembeni mbili, moja kila upande, ili kwa mteremko uisimamishe vile ardhi inataka. Cheni imefungwa yote ndani ya boksi, haioni vumbi. Injini ni cc 97, oili inakaa kwa tenki lake peke yake na pampu ndogo inaichanganya na petroli yenyewe, mtu hahangaiki na chupa ya kupimia.

Akapiga kiki mara mbili, ikawaka.

Nilifunga macho. Sauti ilikuwa yenyewe na pia haikuwa yenyewe, sijui niiseme vipi. Ilikuwa safi sana. Nikajiambia ni kwa sababu nilikuwa mtoto na kila kitu kilikuwa kikubwa. Nikamwambia mzee Jumanne nitamtumia pesa kwa M-Pesa na nitakuja na kanta kuichukua. Akanishika mkono akasema haina haraka, "mwanangu wewe enda Pasaka kwanza."

Kuhusu stoo na nafasi yake, sikufikiria hata kidogo.

Jumapili, 5 Aprili, Tala

Tumekuja kwa mama na watoto. Baada ya chakula nikamwambia, mama nimepata pikipiki kama ya baba, AG100, naichukua Jumanne. Nilitaka kumwona uso.

Akanyamaza kidogo akichambua mboga. Halafu akasema, "AG? Baba yako hakuwa na AG. AG ilikuwa ya yule mwenzake wa mifugo, ndiye alikuwa anapitia hapa asubuhi wakienda mikutano. Ya baba yako ilikuwa Suzuki."

Nikabishana. Akaenda kwa sanduku la bati akatoa ile bahasha ya picha. Baba amesimama na kofia, mimi niko juu ya tenki, miguu haifiki popote. Na kando ya goti langu, wazi kabisa, SUZUKI. Kwa kifuniko cha pembeni unasoma TF125.

Nimeibeba hiyo AG moyoni miaka yote. Niliwasimulia watoto. Niliwahi hata kusimama kando ya barabara Limuru macho yamejaa machozi juu ya AG ya mtu.

Mama akaendelea tu na mboga zake. "Na hukumbuki ilikuwa haiwaki asubuhi? Mlikuwa mnaisukuma nyinyi watoto hadi pale kwa mteremko wa kanisa."

Na hapo ikarudi yote kwa mara moja, kitu ambacho sikuwa nacho kabisa dakika moja kabla. Umande kwa miguu bila viatu, dada yangu upande wa kushoto mimi kulia, viganja kwa chuma baridi ya keria, baba anasema ngojeni, ngojeni, sasa! na sisi tunakimbia na pikipiki inakohoa, inakohoa, inanyamaza, inakohoa, halafu moshi wote unatujia usoni na yeye ameshaenda, mkono mmoja juu bila kugeuka. Hatukuwa tunaona vibaya kwamba haiwaki. Tulikuwa tunaamka mapema kwa ajili hiyo.

Nimempigia mzee wa Kikuyu simu nikiwa huko nyuma kwa migomba. Nimemwambia ukweli wote. Akacheka vizuri akasema basi hata yeye ng'ombe wake bado wanakula.

Nikubali pia kwamba kabla ya kulala nimetafuta "TF125" kwa simu. Iko moja Kitale.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekaa leo na hii shajara nikasoma kuanzia juu kabla sijashika spana. Tarehe 7 nati ya mifereji imenisumbua masaa matatu, usiku RD350. Tarehe 14 silinda imelika, usiku Vespa. Tarehe 24 fundi hajaanza, Bonneville na XT500 kwa siku moja. Tarehe 28 fundi bado, AG. Tarehe 21, siku niliyopaka bodi rangi ya kwanza na ikakauka vizuri bila tone, sikuandika chochote, na nimeangalia simu yangu: hiyo siku sikutafuta pikipiki hata moja.

Kwa hivyo hiyo tamaa inakuja kila mahali hii hapa imekataa. Sisemi mapenzi ya zile zingine ni ya uongo, mstari wa dhahabu ni mstari wa dhahabu. Ila pikipiki ya kwa simu haina boliti iliyogoma. Imewaka tayari. Ya stoo ndo inajua mkono wangu.

Silinda imerudi, na imechongwa vizuri sana, nimsifu fundi. Mistari ya msasa ndani imekatana kama nyavu, pistoni ukiipaka oili na kuiachilia inashuka yenyewe pole kama lifti. Beringi nimenunua. Tairi nimenunua. Pesa ya chama imebaki elfu kidogo na inatosha.

Jumamosi, 18 Aprili

Kazi ya kufunga. Ringi midomo yake nimeitawanya isipangane mstari mmoja, pushirodi nimezirudisha kila moja upande wake wa zamani, tapeti (ile nafasi ndogo ya valvu) milimita 0.08 zote mbili injini ikiwa baridi. Binti yangu, wa darasa la nne, amekuwa akishika tochi na kunisomea fila geji, zile bamba nyembamba za kupima hiyo nafasi, anasoma namba kwa sauti kubwa kama anahesabu kura. Akaniuliza nundu iko moja na valvu mbili, zinajuaje zamu? Nimemzungushia krenki na mkono nikamwonyesha vile nundu inaifikia hii kwanza halafu ile. Akazungusha mwenyewe mara kumi.

Oili mpya imeingia, lita moja kasoro kidogo. Platini nimeiset usiku kwa taa ya simu.

Jumapili, 19 Aprili

Kiki mara thelathini, hamna. Plagi inalowa, cheche iko lakini nyembamba. Mvua ilikuwa imeacha tope kwa geti.

Mtoto akasema tuisukume.

Kale kateremko ka kutoka kwa geti hadi kwa duka si kitu, labda mita hamsini. Mimi niko juu, gia ya pili, klachi ndani. Yeye na kijana wa jirani nyuma. Nikajisikia nikisema ngojeni, ngojeni, na koo ikashikana hapo hapo, sikuweza kumaliza. Wakasukuma bila kungoja.

Nikaachilia klachi. Tairi ya nyuma ikateleza kwa tope, ikashika, injini ikazunguka, ikakohoa mara moja. Ikakohoa tena, moto ukarudi kwa kabureta kwa mlio mkubwa hadi mbwa wa duka akakimbia. Halafu ikanyamaza na tukafika chini.

Mara mbili. Tangu kwa kuku wa Murang'a, mara mbili.

Tumeirudisha juu watatu. Nimefungua kifuniko cha magneto na kuona kosa langu, platini inafunguka kabla alama ya F, ile ya wakati wa cheche, haijafika kwa mshale, cheche inatoka mapema sana. Kazi ya usiku kwa taa ya simu. Jumamosi tutaiset mchana, mlango wa stoo ukiwa wazi, mtoto amesema yeye ndo ataangalia alama na mimi nizungushe.